Mtungi wa Natela

Programu ilikataa. Natela alikuwa ameshaorodhesha kwenye kompyuta mitungi yote ya mvinyo iliyofukiwa chini ya sakafu ya ghala lao huko mkoani Kakheti, kwenye mashamba ya mizabibu. Ulibaki mmoja, ule ambao baba yake aliujaza siku Natela alipozaliwa, uje ufunguliwe siku ya harusi yake. Sasa Natela alikuwa na mvi.

"Inataka tarehe ya kufungua," alisema.

"Iandikie 'bado'," alisema baba yake.

"Haikubali maneno, baba."

"Basi hiyo kompyuta yako ina kiherehere kuliko shangazi zako."

Mzee alichovya kiganja kwenye ndoo ya maji, akaupapasa udongo uliofunika mdomo wa mtungi, usije ukakauka na kupasuka. Alifanya hivyo kila wiki. Vidole vyake vilikuwa vimechimba vijifereji humo, na kila kidole kilijua njia yake.

Natela alivitazama vijifereji hivyo. Kisha akaandika tarehe ya leo. Programu ikapokea.

Akapiga magoti, akazamisha kucha kwenye udongo, akang'oa pande la kwanza.

"We mtoto! Leo kuna harusi gani?"

"Lete vikombe, baba," alisema, huku akiendelea kuchimbua. "Viwili vinatosha."