Kadi ya Golikipa

Kingwaba aliisukuma kadi juu ya kaunta. Ilikuwa na picha ya golikipa kijana akiruka, moja ya zile zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za bablishi za kutafuna zamani.

"Mwaka jana uliutangazia mji mzima kwamba unaitafuta hii," alisema. "Leo nimekuletea. Goti langu linataka daktari."

Lukindo, muuza kadi, aliigusa kwa ukucha. "Mwaka jana watu walitaka magolikipa, mzee wangu. Siku hizi ni washambuliaji tu. Labda huyu afe. Wakifa wanapanda bei, si mchezo."

"Afe?"

"Vumilia tu. Kwani huyo ana siku nyingi?"

Damu ilimchemka Kingwaba hadi masikioni. Aliinyakua kadi, akaibandika kwenye shavu lake. "Nitazame vizuri, mshenzi wewe!"

Lukindo alitazama kadi, akatazama uso.

Nje wateja wawili walikuwa wanakuja. Kingwaba alichechemea hadi mlangoni, akawageukia, akakunja magoti yote mawili, hata lile bovu, akatanua mikono mwimo hadi mwimo.

"Haya," alinguruma. "Piteni."