Aliyeuliza Habari za Mguu

Zawena alivuka mtaa mmoja tu kufika kwa mama yake, akiwa amefura kwa hasira. Tapeli aliyejiita afisa wa mafao alikuwa ameikomba pensheni yote iliyokuwa kwenye simu.

"Mama, ofisi gani ya serikali inampigia mtu kumwomba namba ya siri? Si nilikuambia ukisikia hivyo ukate simu?"

"Uliniambia," alijibu Bi Mwantumu, akichambua mchicha bila kuinua macho.

"Sasa ukampaje?"

"Alinipigia wiki nzima, mwanangu. Kila asubuhi: shikamoo mama, umeamkaje, mguu unaendeleaje? Siku aliponiomba hiyo namba, nikaona haya kumnyima."

Zawena alikuwa ameshafungua mdomo amgombeze tena.

"Mguu?" akauliza. "Mguu gani?"

Bi Mwantumu aliivuta khanga taratibu, akaufunika mguu mpaka vidoleni. Lakini Zawena alikuwa ameuona, umevimba hadi ndara haiuingii.

Simu iliyokuwa juu ya kigoda ikaanza kuita. Namba ilikuwa ngeni. Mkono wa mama ukanyanyuka upesi, kisha ukaishia njiani, na majani ya mchicha yakiwa bado yamenata kiganjani.