Tumbo la Silikanti

Silikanti, yule samaki wa kale, aliletwa maabara ya Tanga ndani ya boksi la barafu, na Tausi ndiye aliyekabidhiwa kisu.

Alikuwa mwaka wa tatu akisomea viumbe wa baharini. Kusali aliacha mwaka wa kwanza, bila kugombana na mtu. Aliona ya madrasa na ya darasani hayakai pamoja, akachagua ya darasani. Mama yake, kule Mwera, alipojua alisema tu, "Basi usiwaambie wadogo zako," asimuulize tena.

Akampasua samaki kuanzia kifuani. Magamba yalikwaruza kisu. Akaingiza vidole tumboni, akagusa mapezi.

Walikuwa watoto. Alijua kwa kusoma kwamba silikanti hatagi mayai, lakini hakuwahi kuona. Walilala wamebanana, kila mmoja na kifuko cha kiini chekundu kikining'inia tumboni, na ubavuni madoa meupe yaleyale ya mama yao.

"Subhanallah," akasema.

Lilimtoka kabla hajalifikiri. Mhadhiri wake, aliyekuwa akijaza fomu kando ya meza, akainua uso.

"Umesema nini?"

Tausi alihisi masikio yakipata moto. Ute ulimchuruzika kwenye glavu mpaka kiwikoni.

"Kumi na tisa, Mwalimu," akajibu. "Wako kumi na tisa."

Mhadhiri akaandika kumi na tisa. Ndipo Tausi akainama, akaanza kuwahesabu.