Bahasha ya Shahidi wa Saba

Mzee alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya nyumba ya nyaraka, na alipofika dirishani hakutaja jina la mtu. Alitaja namba.

"Saba," alisema. "Kesi ya kiwanda cha nguo. Shahidi namba saba."

Mwanahistoria alimsikia kutoka meza ya pili, akainuka mwenyewe. Siku hiyo asingemwachia mtu mwingine kazi hiyo. Kwa miaka tisa alikuwa amezunguka na ombi moja, mahakama hadi mahakama, kamati hadi kamati, mpaka walinzi wa jengo wakambatiza Mama Mafaili. Alitaka nyaraka za utawala uliopita zifunguliwe zote, kwa kila raia, bila jina hata moja kufutwa kwa wino. Wiki iliyotangulia majaji walikubali. Asubuhi hiyo makufuli yalikuwa yamefunguliwa, naye alikuja na viatu vipya vilivyombana vidole, wala hakujali.

"Karibu, baba. Keti."

Mzee aliketi ukingoni mwa kiti, kofia mapajani. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, ila lilimpwaya mabegani.

"Huyu shahidi ni nani kwako?"

"Alisimama nyuma ya pazia pale mahakamani. Nilisikia sauti yake tu, sauti ya mwanamke. Halafu wakanifungia, binti yangu. Miaka ishirini na minane. Nilipotoka nikaambiwa wamembadilishia jina, wamemhamisha. Nimeuliza kila mahali."

Ilijulikana tu kwamba wafanyakazi waligoma, askari wakaletwa, watu kumi na mmoja wakafa pale uani mwa kiwanda, na kesi ikasikilizwa kwa siri. Nani alifungwa, nani alishuhudia, hakuna aliyewahi kuruhusiwa kusoma.

"Alikuwa mke wako?"

Mzee aliinamisha kichwa, akaigeuzageuza kofia yake. "Haijapita siku sijamfikiria," alisema.

Hilo lilimtosha mwanahistoria.

Mtunza nyaraka, mwanamume mpole aliyezeeka kati ya makabati yale, alimvuta pembeni kabla hajaingia ghalani.

"Dada yangu, sheria inaturuhusu kumtaarifu kwanza mwenye jina. Tumwandikie barua. Siku saba tu."

"Inaturuhusu, haitulazimishi. Mtu amesubiri miaka ishirini na minane, nawe unataka akusubiri wewe na muhuri wako?"

"Si kila kilichofungwa kilifungwa kwa ubaya."

"Hayo ndiyo waliyotuambia miaka yote," alisema, akamnyooshea mkono ampe ufunguo.

Akapewa.

Alirudi na faili nene lililofungwa kwa kamba, na juu yake bahasha nyembamba yenye lakiri. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi moja: jina la zamani, jina jipya, anwani yenye maelekezo ya njia, namba ya simu, na tarehe ya mwaka juzi ilipohakikiwa mara ya mwisho. Aliisoma, akatabasamu.

"Yu hai, baba."

Mzee alifumba macho. Alichukua kalamu aandike, ikamponyoka mara mbili. Mwanahistoria akaichukua, akamwandikia anwani kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa. Akamchorea na njia: unashuka kituo cha mwisho, unapita kisima cha bomba, nyumba ya tatu kushoto, geti la kijani.

"Na ushahidi wenyewe?" Alilisogeza faili mbele yake. "Hutaki kuusoma?"

"Nilikuwepo," alisema mzee.

Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe, binti yangu." Halafu akaondoka, kofia kichwani, mwendo wa haraka kuliko umri wake. Mwanahistoria alifuta machozi waziwazi, mbele ya watu, wala hakuona haya. Waandishi wa habari walipomzunguka aliwaambia, "Leo mtu amerudishiwa mtu wake. Mtuulize tena nyaraka hizi ni za nini."

Kufikia saa tano ukumbi ulikuwa umepungua watu. Ndipo lilipomjia wazo: yule mama naye ni mtu mzima, na furaha ya ghafla inaweza kumwangusha. Afadhali atayarishwe. Akaichukua kadi, akapiga kwa simu iliyokuwa mezani kwa mtunza nyaraka, ambaye aliendelea kugonga mihuri kana kwamba hasikii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka nyumba ya nyaraka. Mama, keti kwanza. Kuna mgeni yuko njiani anakuja kwako. Mume wako yu hai. Ametoka kifungoni."

Yule mama akacheka kidogo, kicheko cha kumhurumia mtu aliyepotea njia.

"Umechanganya majalada, mwanangu. Mume wangu alikufa siku ile ile ya mgomo. Nilimwosha mwenyewe, pale pale uani, kwa maji ya ndoo. Na askari aliyempiga risasi ndiye niliyekwenda kumtaja mahakamani. Mashahidi wenzangu wote waliogopa kumtaja. Mimi peke yangu ndiye niliyethubutu kusema nilimwona uso."

Mihuri ilinyamaza.

Mwanahistoria aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kwani unasema nani ametoka?" aliuliza mama. "Ah, subiri, usikate. Kuna mtu anabisha hodi."

"Mama! Funga mlango! Mama!"

Lakini simu ilikuwa imeshalazwa mezani. Alizisikia ndara zikiburuzwa sakafuni, taratibu, hatua kwa hatua, komeo likivutwa, kisha sauti ya yule mama, yenye bashasha:

"Karibu, ndugu yangu, pita ndani. Pole na jua."