Jina la Shahidi

Fundi cherehani aliingia masjala ya polisi bila kubisha hodi, akaweka barua mezani na kuikandamiza kwa kiganja.

"Leo siondoki," alisema.

Karani alimjua vizuri. Ilikuwa mara ya tisa. Mara ya kwanza walimwambia jalada liko mahakamani. Mahakama ikasema limesharudi polisi. Polisi wakasema kesi ikifutwa jalada hufungwa, na likifungwa halifunguliwi kwa sababu mzee fulani anataka kusoma. Walimpiga danadana hadi soli za viatu zikalika. Aliandika barua, ikapotea, akaandika nyingine. Hii ya leo ilikuwa na mhuri wa mkuu wa upelelezi na maneno matatu kwa kalamu nyekundu: Aruhusiwe kusoma tu.

Nje, kwenye ngazi, mwanawe alikuwa akimsubiri.

Kijana alikaa mahabusu miezi kumi na minne kwa mauaji ya mchomeleaji mwenzake, aliyekutwa nyuma ya karakana yao amepasuliwa kichwa. Askari waliomkamata hawakumficha: kuna mtu amekuona kwa macho yake ukimpiga. Jina la huyo mtu hawakulitaja. Kila kesi ilipotajwa mwendesha mashtaka alisimama na kueleza, bila kutaja jina, kwamba shahidi haonekani, wito umepelekwa nyumbani kwake, nyumba imefungwa. Fundi hakukosa hata siku moja. Alikaa benchi la nyuma kabisa, shingo ameinyoosha, akikagua kila sura iliyoingia. Mara ya tano hakimu alichoka, kesi ikafutwa.

Kufutiwa kesi si kusafishwa. Wateja walishamkimbia fundi tangu mwezi wa kwanza, maana nani anataka suruali iliyoshonwa na baba wa muuaji? Alifunga nyumba, akabeba cherehani chake na kuhamia kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Huko ndiko kijana alikofikia alipotoka, na huko ndiko alikoanza kuharibika. Hakula sahani moja na mtu. Shangazi yake akimtengea chakula, alimtazama mikono kwanza. Rafiki akija kumpa pole, alikaa akimchunguza, akijiuliza kama ndiye. Alimshuku kila mtu, na kumshuku kila mtu ni kazi ngumu kuliko jela.

Wiki iliyopita shangazi alikuta mlango wa chumba umefungwa kwa ndani, na kamba ya kuanikia nguo haipo uani.

Mlango waliuvunja. Kijana alikuwa amekaa sakafuni, kamba ameipakata. Fundi alikaa naye pale chini hadi jua likazama, baba na mwana. Mwisho akamwapia: "Nitakuletea jina lake. Hata awe nani, nitamleta mbele yako umwangalie usoni."

Ndipo kijana alipompa ile kamba.

Sasa karani aliusoma mhuri mara mbili, akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Alimwuliza kama yeye mwenyewe hakuhojiwa wakati ule.

"Nilihojiwa, siku ile ile ya kwanza," fundi alijibu. "Nilimweleza askari yote. Kijana amekaa kitandani kwake, anampigia mwenzake simu, haipokelewi, anampigia tena na tena. Nikamwuliza askari, muuaji gani anampigia marehemu simu?"

"Akasemaje?"

"Atasema nini? Anaandika mbio mbio, hata kichwa hainui. Nikatia saini, miwani yenyewe nimeisahau kwenye cherehani." Alikohoa. "Hayo yangu usijisumbue kunitolea, nayajua. Nipe ya huyo mwongo."

Karani alipotelea kati ya rafu. Fundi alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza, roho mkononi. Alishamfikiria jirani wa zamani mwenye mdomo mrefu. Alishamfikiria mpangaji wa karakana ya pili. Mungu amsamehe, siku moja alimfikiria hata dada yake.

Karani alirudi na jalada jembamba, jembamba mno kwa miezi kumi na minne ya mtu.

"Mzee, humu mna maelezo ya shahidi mmoja tu."

"Ndiye huyo huyo," fundi alisema, na safari hii miwani alikuwa nayo. Aliivaa. Mwandiko ulikuwa wa haraka, herufi zimelaliana, nyingine zimeachwa njiani. Alifuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza.

Jioni ile alikuwa na wasiwasi sana. Nilimwona kwa macho yangu akimpiga, mara tatu. Yule hakuitika. Akampiga tena, kimya. Nikamwambia, inatosha mwanangu, mwache.

Kidole kilisimama. Kilirudi nyuma hadi neno akimpiga, kikasimama tena. Neno simu halikuwepo popote. Chini ya ukurasa saini ilikuwa yake.

Mlango ulifunguliwa nyuma yake. Kijana alikuwa amechoka kusubiri kwenye ngazi.

"Baba," alisema, "ni nani?"