Taa Mpya Kinywani mwa Merv

Katika karakana yetu hapa Adelaide, taa ya daktari wa meno haiuzwi kabla haijamulika kinywa cha Merv, fundi wetu wa lenzi. Ndiyo desturi yetu.

"Usinikague kama ng'ombe wa mnadani," alinitania akijilaza kitini. "Na nimetoka kula pai ya nyama, kwa hiyo vumilia."

Taa yetu ya zamani ilipungukiwa na wekundu, kila kinywa kikaonekana kimefifia. Safari hii niliongeza vijitaa vyekundu, naye Merv akasaga lenzi ya kuchanganya miale yote.

Nikaiwasha. Ufizi ukawa ufizi, mshipa ukawa mshipa. Wenzetu wakapiga makofi.

"Inua ulimi," nikamwambia.

Chini ya ulimi palikuwa na baka jekundu, kubwa kama punje ya mahindi, lenye kingo zisizo sawa, la aina inayowafanya madaktari wa meno washuku saratani.

Nikavuta taa ya zamani, nikamulika palepale. Baka likatoweka. Nikarudisha mpya. Likarudi.

Makofi yakakoma.

"Vipi, bosi?" Merv akauliza, macho kayafumba kwa mwanga. "Imefaulu?"

"Imefaulu," nikamjibu, na mkono wangu ukashindwa kuizima.