Koti la Kijivu

Jirani yake Selestina aliapa kwamba koti la mitumba lilimshika mkono gulioni Kilosa alipolijaribu. "Vidole vya moto kabisa, shoga! Nililitupa nikakimbia."

Selestina alimcheka, lakini leo yeye mwenyewe amelifukua kwenye rundo, akapenyeza mkono.

Vidole vikamdaka. Akavipapasa haraka hadi kwenye dole gumba, akalikuta kovu lililopinda kama ndoana, la kisu cha mkonge. Mumewe aliondoka na kovu hilo shamba la mkonge lilipofungwa, akatafute kazi Dar, na hajaleta hata salamu.

"Wee, hilo nimeliona mimi!" mwanamke mmoja akafoka, akilivuta koti.

Selestina akakaza, akainamia kola huku akicheka na machozi yakimtoka.

"Baba Lucy, ni mimi! Usiniachie. Toka basi, twende nyumbani."